Zimwi Langu la Bahari ya Mbali

Ndugu wasomaji, ninyi mlio darasani sasa na ninyi mliotutangulia katika madawati haya, nataka kuwaeleza habari za mnyama ambaye hajapata kuonwa na mtu, maana mimi mwenyewe ndiye niliyemzua. Nilimpa macho, nikampa meno, nikamtia baharini. Kisha alinitoka mkononi, akaenda kumtesa mtoto asiye na kosa. Habari hii ina sehemu mbili, ya elimu na ya aibu, nami siwezi kuisimulia moja nikaiacha nyingine.

Mambo yalianza hivi. Kila mwaka Chama cha Sayansi cha shule yetu hufanya maonyesho siku ya wazazi. Safari hii Mwalimu wa Biolojia alituagiza sisi wa kidato cha 6 kwamba kila mmoja achague mahali pagumu pa kuishi, kisha abuni kiumbe awezaye kuishi pale. Mmoja alichagua jangwa, mwingine pango lisilo na mwanga. Mimi nilitaka kuwapita wote, basi nikachagua bahari ya Europa.

Europa hii si bara la Wazungu. Ni mwezi mmoja katika miezi ya sayari ya Mshtarii, ambao Galileo Galilei aliuona kwa darubini yake mwaka 1610. Upana wake ni kama kilomita 3,100, yaani ni mdogo kidogo kuliko mwezi wetu. Uso wake wote ni barafu, na hata katika ikweta yake baridi hufika kama digrii 160 chini ya sifuri. Lakini Mshtarii ni sayari kubwa mno, nayo huuvuta mwezi huo na kuulegeza kila unapoizunguka, kama mtu akandaye unga wa chapati, na kule kukandwa huleta joto ndani yake. Kwa hiyo wataalamu wanaamini kwamba chini ya barafu, yenye unene wa labda kilomita 15 hadi 25, iko bahari ya chumvi yenye kina cha kilomita 60 hadi 150. Maji yake yaweza kuwa mara 2 ya maji ya bahari zetu zote. Chombo cha Wamarekani kiitwacho Galileo, kilichoizunguka sayari ile tangu 1995 hata 2003, kilipima nguvu za sumaku mahali pale na kupata dalili za maji hayo ya chumvi.

Basi katika bahari hiyo nilitia zimwi. Nililichora kwa kalamu za rangi juu ya karatasi 4 zilizogundishwa pamoja. Urefu wake ulikuwa mita 90, mara 3 ya nyangumi wa buluu, ambaye ndiye mnyama mkubwa kuliko wote hapa duniani. Macho yake yalikuwa mapana kama sinia za harusi, tena yenye kuwaka. Meno yalikuwa safu 3. Sauti yake ilipasua barafu, na mbio zake zilishinda mashua ya mashine. Nilipomaliza nilijiona fundi kweli kweli.

Mimi ni kiranja wa bweni la watoto wa kidato cha 1. Usiku ule umeme ulikatika, nao wakaniomba hadithi. Nikaitoa picha yangu, nikaimulika kwa tochi, nikaanza kusimulia. Walipotetemeka nilipendezwa, na nilipoona wanatetemeka nikazidi kutia chumvi. Nikasema kwamba mayai ya zimwi hili yalianguka duniani ndani ya kimondo, na kwamba moja liliangukia ziwa letu hili la Viktoria, likaanguliwa karibu na gati ya shule. Wengi walicheka. Mtoto mmoja hakucheka.

Mtoto huyo ametoka pande za Karamoja, nchi ya ng'ombe na ya ukame, na kabla ya kuja kwetu alikuwa hajapata kuona maji mengi kuliko ya bwawa la kunyweshea mifugo. Mimi sikumfikiri hata kidogo. Nililala usingizi mzuri.

Kesho yake nilimpelekea Mwalimu picha. Aliitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Umechora vizuri, kijana wangu. Mnyama wako anakula nini?"

Nikajibu, "Samaki, Mwalimu."

"Na samaki hao wanakula nini?"

"Samaki wadogo."

"Na hao wadogo?"

Nikanyamaza. Akanirudishia karatasi zangu akasema, "Nenda ukafanye hesabu, ndipo urudi."

Nilikasirika, lakini nilikwenda maktaba. Hesabu ya kwanza ilikuwa ya uzito. Nyangumi wa buluu aliyekomaa aweza kuwa na uzito wa tani 150. Mnyama akiwa mrefu mara 3 kwa umbo lile lile, basi ni mpana mara 3 na mnene mara 3 pia, na uzito wake unazidi mara 27. Zimwi langu likawa na tani 4,050. Hesabu ya pili ilikuwa ya chakula. Tulifundishwa kwamba kiumbe akiliwa, sehemu kubwa ya nguvu zilizo katika chakula hupotea, na kwa makadirio ni sehemu 1 tu katika 10 iingiayo katika mwili wa mlaji. Kwa hiyo kulijenga zimwi langu moja kulitaka tani 40,500 za samaki wakubwa, na kuwajenga hao kulitaka tani 405,000 za wadogo. Nikaona kwa nini nyangumi wa buluu, pamoja na ukubwa wake wote, hawindi wanyama wakubwa bali huchuja vidudu vidogo mfano wa kamba. Amekikaribia chungu, hangoji kupakuliwa na wengi.

Hesabu ya tatu ndiyo iliyoniangusha. Hapa kwetu sangara hula dagaa, ambao Waganda huwaita mukene. Mukene hula vidudu vya majini, vidudu hula mwani, na mwani hulishwa na jua. Ukimfuata karibu mla nyama yeyote kwa nyuma utafika kwenye kitu kibichi, na hicho kitakufikisha kwenye jua. Chini ya barafu ya Europa hakuna jua. Sasa nani anapika?

Nilipata jibu nusu. Mwaka 1977, karibu na visiwa vya Galápagos katika bahari ya Pasifiki, wataalamu walioshuka kwa chombo kiitwacho Alvin hata kina cha kama mita 2,500 waliona matundu yatoayo maji ya moto, na kando yake umati wa viumbe gizani. Baadaye ilijulikana kwamba minyoo mikubwa ya huko, ambayo hufika urefu wa mita 2, haina kinywa wala tumbo. Hulishwa na bakteria wakaao ndani ya miili yao, na bakteria hao hupata nguvu kutokana na gesi inukayo kama yai viza. Yaani kuna jiko lisilo na jua. Lakini hata jiko hilo hutumia oksijeni iliyotengenezwa na mimea ya juu mwangani. Huko Europa oksijeni hutokea mnururisho wa Mshtarii unapoipiga barafu ya juu na kuvunja chembe za maji, na ingepaswa kushuka kilomita nyingi za barafu kabla ya kufika baharini. Jiko la namna hiyo laweza kulisha kidogo kidogo, lakini haliwezi kulisha tani 4,050 zenye meno.

Katika siku hizo pampu ya maji ilikuwa imeharibika, ikawa kila mtoto hushuka ziwani alfajiri na ndoo yake. Mtoto yule wa Karamoja alianza kuonekana hakuoga. Mimi kama kiranja nililiandika jina lake katika daftari la wachafu mara 2, akapewa adhabu ya kufyeka nyasi, wala sikumwuliza neno. Kisha asubuhi moja, katika chumba cha kulia, nikamwona anamsukumia mwenziwe kikombe chake cha uji, naye akakaa akitazama meza. Nikamwita kando nikamwuliza sababu.

Akasema bila kunitazama, "Namlipa, Kiranja. Yeye huniletea maji ya kunywa. Mimi siwezi kwenda ziwani. Yule mnyama wako yuko."

Nikamwuliza ni siku ngapi. Akasema siku 9.

Wasomaji, Mwalimu alikuwa ameniuliza mnyama wangu anakula nini, nami nilikuwa natafuta jibu maktaba. Jibu lilikuwa mezani. Zimwi langu lilikula uji wa mtoto siku 9.

Ningependa kuandika kwamba nilimwambia kweli saa ile ile. Sikumwambia. Niliogopa watoto wangenicheka, na nikaogopa habari zikifika kwa wakubwa ningevuliwa ukiranja siku chache kabla ya maonyesho. Nikasema tu, "Usijali, pampu itatengenezwa," nikaenda zangu. Nikanyamaza siku 2 nyingine. Jumamosi nilikwenda kuungama, nikasema upesi upesi, katikati ya dhambi nyingine, kwamba nimesema uongo. Padri akaniuliza uongo gani, nikamweleza. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Mungu husamehe. Lakini uji wa mtoto yule, nani ataurudisha?"

Jioni ile nilimkuta mtoto amekaa nyuma ya bweni. Tulizungumza Kiswahili, maana yeye hajui Luganda, mimi sijui Kikaramojong, na Kiingereza chake kilikuwa bado kichanga. Nikamwambia kwamba mayai, kimondo na gati, yote yalikuwa uongo wangu. Nilidhani atafurahi. Aliniangalia akasema, "Sasa unasema hivi ili niende kuchota maji."

Hapo nilijua adhabu ya mwongo. Uongo wangu aliuamini usiku mmoja, na kweli yangu hakuiamini hata nilipoapa. Sikuwa na neno la kumpa ila hesabu. Basi nikaenda nikaleta daftari langu, nikamwonyesha tani za zimwi, tani za samaki wakubwa na tani za wadogo, kila mstari chini ya mwingine. Alifuata kwa kidole chake. Alipofika mstari wa mwisho akafikiri, kisha akasema, "Kwetu kilima kisicho na nyasi hakina mbuzi. Pasipo mbuzi, fisi hakai, anakwenda zake. Huyu fisi wako anakaa kilima gani?"

Nikamwambia, "Hana kilima. Ndiyo maana nasema hayuko."

"Na hapa ziwani?"

Tukafanya hesabu ya ziwa pia. Nikamweleza kwamba wavuvi hutandaza nyavu kila usiku, na kwamba mlaji mkubwa hawezi kuingia ziwani bila watu kujua. Sangara aliyeletwa miaka ya 1950, ambaye mkubwa wake hukaribia mita 2, aliwamaliza furu wengi, wale tuwaitao nkejje, hata dunia nzima ikapata habari. Sangara mwenyewe furu walipopungua alianza kula kamba wadogo, na hata watoto wake. Sikumficha pia mambo ya kuogopwa kweli: mamba, mawimbi, na kijidudu cha kichocho, ambacho hutoka katika konokono na kupenya ngozi ya mtu aingiaye majini, tena ni kidogo mno. Kwa hiyo tuliagana kwamba hatutaingia majini kwa miguu, bali tutasimama juu ya gati na kuteka kwa kamba.

Kesho yake alfajiri tulishuka wote 2. Mimi nilichukua ndoo zote. Alisimama mwanzo wa gati kwa muda mrefu, nami sikumhimiza. Kisha akaja hatua kwa hatua mpaka mwisho, akashika kamba kwa mikono yote 2, akateka. Tangu siku ile nilimpa uji wangu asubuhi 11, kwa siku zile 9 na zile 2 za kunyamaza kwangu. Nilikwenda pia kwa mwangalizi wa bweni nikamweleza habari zote. Jina la mtoto lilifutwa katika daftari, nami nilipewa kufyeka nyasi zile zile. Ukiranja waliniachia, ingawa nilikuwa tayari kuukosa.

Sasa niwaeleze mnyama wa pili, maana zile karatasi 4 nilizichana na kazi bado nilikuwa nadaiwa. Huyu tulimtengeneza pamoja na mtoto yule, na kwa kila kiungo aliniuliza, "Cha nini? Nani analipa?"

Urefu wake ni kama mkono wa mtu tangu kiwiko hata ncha za vidole, maana jiko ni dogo. Hana mbio, kwa sababu mbio ni gharama. Hukaa akining'inia chini ya dari ya barafu, kichwa chini kama popo, huku minyiri yake ikilegea katika maji. Jambo hili si ndoto tupu. Mwaka 2010, chini ya barafu kubwa ya Ross huko Antaktika, chombo cha kuchunguza kilikuta wanyama wadogo laini wakiishi kichwa chini ndani ya barafu, minyiri yao ikining'inia majini. Damu ya mnyama wetu ina kitu cha kuzuia isigande, kama ilivyo damu ya samaki wengi wa Antaktika. Anakua polepole sana na kuishi miaka mingi, kama papa wa Greenland, ambaye utafiti uliotangazwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba huishi walau miaka 272.

Macho tuliyaondoa. Jicho pasipo mwanga ni kama taa isiyo na mafuta. Mimi nilitaka ahisi kwa umeme kama kasulu wetu wa ziwani, yule samaki mwenye pua ndefu, ambaye hutoa umeme hafifu mkiani na kwa huo hujua kilicho karibu naye gizani. Mwalimu akanisahihisha: maji ya chumvi hupitisha umeme mno, na taa ya namna ya kasulu haifai huko. Basi tukampa hisi ya papa, ambaye hatoi umeme bali husikia ule utokao katika misuli ya samaki, hata akiwa amejificha chini ya mchanga.

Mnyama huyu hana asubuhi wala jioni, lakini ana saa. Europa huizunguka Mshtarii kwa siku 3 na nusu hivi, na kila mzunguko barafu huvutwa ikapanda na kushuka. Tulisema kwamba barafu inapokandwa ndipo maji yenye oksijeni hupenya nyufa na kudondoka chini, na vidudu hukusanyika kuyanywa. Wakati huo ndipo yeye huamka, hukamata kimoja au viwili, kisha hulala tena. Na kwa kuwa kupata mwenzi katika giza ni kazi, dume lake ni dogo, nalo likimpata jike humng'ata na kushikamana naye maisha yote, kama wafanyavyo samaki fulani wa kina kirefu katika bahari zetu.

Siku ya wazazi watu walipita mbele ya meza yetu wakauliza zimwi liko wapi. Tuzo alipewa yule wa jangwa, na kwa haki. Lakini mzazi mmoja alisimama akauliza, "Huyu mdogo hivi, anakula nini?" Kabla sijafumbua mdomo mtoto wa Karamoja alianza kujibu, kwa Kiswahili, tangu mwamba wa chini mpaka barafu ya juu, bila kuruka mstari hata mmoja.

Chombo kingine cha Wamarekani, Europa Clipper, kilirushwa tarehe 14 Oktoba 1024 + 1000, yaani 2024, nacho kinatazamiwa kufika kwa Mshtarii mwezi wa Aprili 2030. Kitapita karibu na Europa mara 49, kupima barafu na bahari na kuona kama kiumbe angeweza kuishi humo. Hakitatoboa barafu. Mtoto yule ameniuliza, je, kama hamna kitu kabisa, hata bakteria? Nikamwambia kwamba hilo nalo litakuwa jibu, na kwamba mimi nitalipokea kuliko zimwi la uongo.

Wahenga walisema ulimi hauna mfupa. Nami siku hizi nikisikia mtu anasimulia jambo la kutisha, awe bwenini, sokoni au katika simu, kabla ya kukimbia namwuliza swali lile la Mwalimu: mnyama wako anakula nini, na anayelipa chakula chake ni nani?